Nilisimama, Nikamtaja Katana

Kama ukilala u mzima, ukikaa u mzima, lakini ukisimama tu moyo unakimbia kama umeiba, macho yanaingia giza na magoti yanakuwa ya mtu mwingine, basi haya nimekuandikia wewe. Wengine wasome wakipenda. Mimi si daktari. Shule niliiacha darasa la tano, na yaliyonipata nitayasema kama yalivyonipata, sina haja ya kumpendeza mtu.

Kwanza ujue unaongea na nani. Jina langu Kazungu. Ukipita Watamu ukaona paa la makuti limekaa sawasawa, halina kiraka, limeshuka kwenye kingo kama nywele zilizochanwa, uliza nani aliliezeka. Watakwambia. Nilianza Marereni kwenye mashamba ya chumvi, nakwangua na kubeba mpaka nyayo zikapasuka na kila ufa ukawa na moto wake. Miaka sita. Siku niliyotoka niliapa sitaigusa tena chumvi ila ile ya kutia kwenye mchuzi. Kuezeka nilijifunza kwa kutazama, sikufundishwa na mtu, na haikupita miaka mingi wale waliokuwa wakinifokea nikiwa chini ndio niliowaandika kazi. Leo nina mafundi kumi na wanne na lori. Sikurithi hata jembe. Kama haya ni majivuno, ni majivuno ya haki.

Ugonjwa ulianza na homa. Masika ilikuwa inamalizika, mbu ni wengi, na ile homa ya kuvunja mifupa ikatupitia nyumba nzima. Mke wangu Kadzo aliinuka baada ya siku tano. Mimi baada ya wiki mbili nikasema nimepona, nikaenda kazini, maana tulikuwa na nyumba kubwa ya kuezeka kule Watamu na mvua haimngojei mtu.

Nilipanda juu kama kawaida yangu. Nimesimama kwenye boriti, naangalia fito zimefungwa vipi, mara nikasikia moyo. Si kuuma. Ulikuwa unapiga kama ngoma inayopigwa na mtu aliyekasirika. Masikio yakaziba, bahari nikaiona nyeusi, mikono ikalowa jasho la baridi. Aliyenishika ni Charo, msimamizi wangu wa miaka kumi na mmoja. Alinidaka kwa ukanda wa suruali.

"Mzee, leo umekunywa nini?" akaniuliza tulipofika chini.

"Chai."

"Basi hiyo chai ya kwako si ya majani."

Mafundi wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu nilipolala mchangani dakika chache nilikuwa mzima kabisa. Nikapanda tena. Safari ya pili Charo hakucheka.

Sasa sikiliza habari ya hospitali, kwa sababu hapa ndipo utakapoonewa. Zahanati ya kwanza foleni ilikuwa ya kusimama, benchi moja na watu hamsini. Nilianguka kabla sijafika dirishani. Wakanibeba, wakanilaza kitandani, wakaniacha. Nesi alipokuja nilikuwa nimelala robo saa nzima, moyo umetulia, uso umerudi. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akakipuliza, akasoma.

"Mzee, presha yako ni nzuri kuliko yangu. Nenda nyumbani, wape nafasi wagonjwa."

Ugonjwa wangu ulikuwa na tabia ya mwizi. Ukisikia mwenye nyumba anakuja, umeshatoka kwa dirisha. Kila mahali ni hivyo hivyo: naanguka nimesimama, napimwa nimelala. Katika zahanati nne hakuna hata mtu mmoja aliyefikiri kunipima palepale ugonjwa ulipokuwa.

Ya tano ilikuwa ghorofani. Nilipanda ngazi, nikaingia natweta, jamaa akanishika kifundo cha mkono akahesabu, akatikisa kichwa. Akasema hii ni presha, mzee, chumvi acha kabisa. Nikafurahi, Mungu anajua. Nimepata jina la kitu. Kadzo alilichukua kopo la chumvi akalipeleka kwa jirani, kama vile mimi ni mlevi nalo ni chupa. Kusi yote, miezi ile ya upepo wa kusini, nilikula muhogo usio na ladha, samaki asiye na ladha, mchicha kama nyasi. Na nikazidi kuumwa. Kabla ya hapo niliweza kusimama muda wa kunyoa ndevu. Sasa nilikuwa naanguka na sabuni ingali usoni.

Nikapelekwa Mombasa kupigwa picha ya moyo. Unapigwaje picha ya moyo? Umelala. Wakasema moyo wako ni wa kijana. Mmoja akanitazama juu ya miwani akaniuliza kama nyumbani kuna ugomvi, akaniandikia vidonge vya wasiwasi. Mimi. Mtu niliyelala kwenye maghala ya chumvi na nyoka, ati nina wasiwasi.

Mwili nao ukaanza kunigeuka. Nikisimama kidogo miguu inaiva rangi ya bilingani, chini mpaka vidoleni. Ukanda niliutoboa matundu matatu mapya. Nikaoga nimekaa juu ya kigoda kama mtoto. Hesabu ya makuti, ambayo nilikuwa nikitazama paa nakwambia yataenda mangapi bila kalamu, ikawa inanitoka njiani. Nilikuwa naanza sentensi na mwisho wake siuoni.

Na watu wako ndio watakaokuumiza kuliko miguu. Mtu akivunjika mguu wanaona plasta. Mimi walikuwa wananiona nimelala kivulini, uso umenawiri, nazungumza. Siku moja Kadzo alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

"Ba' Sidi, ukiwa umelala unacheka na simu. Ukiambiwa maji yamekwisha, unaumwa."

"Unadhani napenda?"

"Mimi sijui unachopenda. Najua ninachokiona."

Alikuwa hakosei. Hata mimi miaka yote hiyo, fundi akilala kivulini saa nne nilikuwa namwambia achukue nguo zake aende. Sikuwahi kumuuliza moyo wake unapigaje. Sasa mafundi walikuwa wanapita na mizigo ya makuti begani wakinitazama nilivyojinyoosha, wasiseme neno, na lile neno wasilolisema nilikuwa nalijua, kwani lilikuwa langu.

Sasa nifike kwa Katana.

Katana ni kaka yangu, tumbo moja. Baba alipokufa mimi nilikuwa sijaota jino la mbele la pili, yeye alikuwa mtu mzima, mgema. Nimekula jasho lake mpaka nilipoweza kubeba karai. Boma la baba ni lake, na kila jambo la ukoo, la kheri na la shari, ni kwake. Na Katana ana jambo moja ambalo hakuna anayelivunja: ukiingia kwake hukai mpaka uwasalimu wazee wote, mmoja mmoja, umesimama, kila mmoja akuulize habari ya nyumba, ya watoto, ya mvua, nawe umjibu. Wakiwa wazee kumi ni nusu saa. Hata uwe na lori.

"Hujamsalimu babu yako," atakwambia ukianza kutafuta kiti.

Basi fikiria. Nyumbani kwangu nakaa, nalala, sianguki sana. Kazini Charo ameniwekea kiti. Lakini nikienda kwa Katana, nasimama nusu saa juani, naanguka. Mara ya kwanza, kwenye arusi. Mara ya pili, alipokuja mpwa wetu kutoka ng'ambo ya mto Galana. Mara ya tatu sikumaliza hata mzee wa nne. Unaona mwenyewe inavyokuja. Za hospitali sikuzihesabu: mtu anaanguka boma moja tu, mbele ya mtu mmoja tu, akiondoka anapona.

Nikakumbuka na neno. Nilipoleta lori nyumbani mara ya kwanza, watu wakashangilia, Katana alilizunguka, akapiga tairi kwa fimbo, akasema, "Kazungu, punguza mwendo. Aliye juu ya paa haioni miguu yake." Wakati ule nililicheka. Sasa nililitoa, nikaligeuza usiku na mchana, mpaka likawa laana.

Kuna mganga nilimwendea, sitasema wapi. Sikumtajia mtu. Akatazama vitu vyake akasema ni mtu wa karibu, wa damu, kichwa cheupe. Huku kwetu kichwa cheupe, kichwa cha mvi, ni kesi ya uchawi tayari. Nyinyi wa pwani mnajua, na msiojua muulize ni wazee wangapi wanapaka nywele rangi nyeusi, na si kwa urembo.

Vuli ikaingia, shangazi yetu akafariki. Matanga kwa Katana. Nilisimama kusalimu, nikaanguka kwa mzee wa tatu, nikanyweshwa maji. Nilipoinuka nilikuwa na hasira ambayo hata sasa naionja. Nikasimama katikati ya watu, nimeshika nguzo ya turubali, nikasema kwa sauti yangu ya kazini, ile inayofika juu ya paa:

"Shangazi amekwenda, na mimi naandaliwa. Anayeniandaa yuko hapa. Ni Katana."

Wanawake waliacha kuimba. Katana alikuwa ameshika bakuli la uji, alikuwa anawapa wageni. Akaliweka chini taratibu.

"Kazungu," akasema, "umesema au umeota?"

"Nimesema."

"Haya. Wamesikia."

Nikarudi nyumbani nikalala usingizi wa haki. Siku ya tatu vijana wa pale, wengine niliwaajiri mimi, walimwendea Katana wakamwambia mzee, hapa hukai. Wiki hiyohiyo nyuma ya nyumba yake walikuta majani makavu yamerundikwa ukutani. Hayakuwashwa. Yalirundikwa tu, ayaone. Asubuhi moja alipanda pikipiki na kiti chake cha miguu mitatu kimefungwa nyuma kwa mpira, akaenda Mariakani kwa binti yake Mbodze, ambaye mumewe anafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa. Mtu ambaye hajawahi kulala nje ya boma lake akaenda kulala chumba kimoja na wajukuu, malori yanapita mlangoni.

Nami nikangoja nipone.

Nataka ulisome hilo polepole. Nilingoja. Nikasema wiki hii. Kaskazi ikaanza kuvuma nikasema mwezi huu. Mchawi ameondoka, ugonjwa umebaki. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilisema ameondoka lakini mizizi yake ameniachia.

Ikawa siku nimemsindikiza Kadzo hospitali moja huko Kilifi, macho yalikuwa yanamsumbua. Kwenye benchi akaja mama mjamzito, nikamwachia nafasi. Ndivyo nilivyo, hakuna mwanamke atakayesimama nami nimekaa. Nikaegemea ukuta, nikaenda chini. Nilipofungua macho kulikuwa na binti amepiga magoti sakafuni pembeni yangu, koti jeupe, umri wa binti yangu Sidi.

"Shikamoo baba. Msimwinue. Alikuwa amesimama kwa muda gani?"

Kadzo akamjibu kama dakika saba. Nami nikiwa chini pale nikataka kulia, kwa sababu miezi yote ile niliulizwa nimekula nini, nimekunywa nini, nimegombana na nani, na hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

Alinipeleka chumbani akanilaza dakika kumi, kidude cha kubana kidole kikisoma mapigo ya moyo. Sabini na mbili. Kisha akasema, "Sasa baba simama hapa ukutani, usiegemee, usitembee. Nami nitasimama nawe." Akasimama. Dakika ya tatu, mia na kumi na nane. Ya sita alinishika kiwiko. Ya kumi ilisoma mia na thelathini na nne, na miguu yangu ilikuwa bilingani. Akaitazama miguu, akanitazama mimi, akasema kaa.

Hiyo ndiyo siri yote. Ukuta na dakika kumi. Hakuna picha, hakuna mashine ya Mombasa.

"Moyo wako hauna kosa," akaniambia. "Ukisimama damu inashuka miguuni, haipandi upesi, nao moyo unaikimbilia. Umeanza lini?"

"Baada ya homa."

"Huja hivyo mara nyingi. Chumvi unakula?"

"Niliambiwa niache. Nimeacha tangu kusi."

Akaweka kalamu chini. "Baba, wewe ungepewa chumvi."

Jina la ugonjwa aliliandika kwenye karatasi, refu, la Kizungu, mimi naliita moyo wa kusimama. Akanieleza maji mengi, chumvi kwa kipimo chake yeye, soksi ndefu za kubana mpaka mapajani, kitanda kiinuliwe upande wa kichwa, mazoezi ya kulala chini, na kidonge kidogo. Akasema hautaondoka mara moja na pengine hautaondoka wote. Nilimwitikia kila kitu. Kadzo alikuwa amesimama mlangoni, dawa ya macho imemfanya achuruzike machozi, au labda si dawa.

"Na Katana?" akasema.

Akatangulia kwenda kutafuta gari la kurudi kwetu Malindi.

Basi chumvi. Nilitoka Marereni nikiikimbia, nikajenga jina, nikanunua lori, na mwishowe nimekaa jikoni kwangu nakoroga chumvi kwenye maji kama mtu anayelipishwa. Sikucheka. Lakini ilifanya kazi, siwezi kusema uongo. Hata hivyo nakuomba, usisome haya ukaenda kulamba chumvi. Jirani yangu ana presha ya kweli, akifanya hivyo tunamzika. Apimwe kwanza mtu, na apimwe amesimama.

Zile soksi ni adhabu. Zivae Malindi kwenye kaskazi, halafu uniambie habari. Kadzo ndiye aliyenivalisha miezi ile ya kwanza, amekaa sakafuni, anavuta kwa meno na kucha, jasho linamtoka, na ndipo tulipoanza kuongea tena, kwa sababu huwezi kumvuta mtu soksi nusu saa umenyamaza. Siku moja akasema, "Nilidhani unanikimbia kazi." Nikamwambia hata mimi ningedhani. Yalikwisha hapo.

Na kazini nikagundua kitu ambacho miaka yote ya kupanda juu sikukijua. Ukilala chali chini ya paa la makuti unayaona makosa yote. Kila tundu ni nyota. Charo alinitandikia mkeka sakafuni, naelekeza kwa fimbo: pale, pale, na pale kwenye pembe. Mafundi sasa wananiogopa nikiwa nimelala kuliko nilivyokuwa nimesimama. Mapaa yangu ya leo hayavuji hata kidogo.

Masika iliyofuata nilikwenda Mariakani. Mbodze alinifungulia, hakunisalimu kwanza. Katana alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha miguu mitatu, ukutani, anatazama malori. Ndevu zilikuwa zimezidi weupe. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza yote. Ukuta, kidude, bilingani. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichonunua.

"Kwa hiyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Mimi nilikuwa najua. Umekuja kunipa habari ninayoijua." Lori likapita, akangoja. "Ulinitaja umesimama, mbele za watu. Nitoe lawamani hivyo hivyo. Neno la kukaa ni la umbeya. Nikisikia umenitoa umesimama, nitarudi kwangu."

Kadzo aliniambia nizungumze kutoka kitini, watu wangeelewa. Charo naye akasema hivyo. Nikawaambia mimi sijawahi kufanya kazi nusu. Chifu alikuwa na baraza kwenye uwanja wa shule, ukoo wote na vijana wote watakuwepo. Nilijitayarisha kama ninayekwenda kuezeka msikiti. Maji lita mbili, chumvi yangu, kidonge, soksi mbili, moja juu ya nyingine. Baraza ilitangazwa saa tatu. Ilianza saa sita. Chifu akazungumza chanjo ya ng'ombe, akazungumza vyoo, kila akiingia mkubwa tunasimama. Nilipoitwa jua lilikuwa utosini.

Nilisimama. Nikavuka miguu kama daktari alivyonifunza, nikabana mapaja, nikakunja ngumi. Nikasema mimi ni Kazungu, mnanijua. Nikasema nilikuwa naumwa, na ugonjwa wangu umepatikana, una jina, umeandikwa. Nikatoa ile karatasi. Nikasikia moyo umeanza. Nikasema ugonjwa huu haukuletwa na mtu, umeletwa na homa. Walikuwa wananisikiliza, na nilijua nimewashika, sauti yangu inawashika watu siku zote. Limebaki jina tu.

"Na yule niliyemtaja kwenye matanga," nikasema, "kaka yangu, Katana..."

Nikaanguka.

Waliponimwagia maji nilikuwa nimelala chini nasikia kila kitu. Katika kulala mimi ni mzima, nimekwisha kukwambia. Nikamsikia mwanamke mmoja akisema, "Mmeona? Alipomtaja jina." Mwingine akasema alikuwa amelazimishwa kuja kukanusha. Na kijana mmoja, aliyewahi kunibebea boriti, akasema kwa sauti ya mtu mwenye ushahidi, "Yuko Mariakani na amemwangusha. Angekuwa hapa ingekuwaje?"

Nikapiga kelele hukohuko chini kwamba hana kosa, Katana hana kosa. Nililisema mara tatu, nne. Nani anamsikiliza mtu aliyelala? Bibi mmoja alinifunika leso usoni kwa huruma. Charo ndiye peke yake aliyepiga magoti akasema, "Nimekusikia, mzee. Mimi nimekusikia." Charo si ukoo wetu. Kusikia kwake hakumrudishi mtu.

Nilirudi Mariakani. Nilidhani habari hazijafika, kumbe zilifika siku ileile. Nilipoingia nilianza kusimama nimsalimu kama inavyotakiwa, nikaanza na neno langu la msamaha nililolipanga njia nzima. Katana akainua mkono.

"Nimesikia nilikuangusha."

"Kaka..."

"Toka hapa mpaka kwetu." Akacheka, si kicheko cha kumfurahisha mtu. "Umri huu, magoti yanauma, siwezi hata kupanda mnazi, kumbe nina nguvu namna hiyo."

"Nitasema tena. Nitawaita kwangu, nitasema nimekaa, nitasema nimelala, nitaleta daktari mwenyewe."

"Utasema. Na mimi vijana wale nawajua, nimewaona majani waliyoyapanga." Akainuka kwenye kile kiti chake, polepole, akakisukuma kwangu kwa mguu. Katika maisha yangu sikuwahi kumuona mtu amekikalia ila yeye. "Kaa, Kazungu. Kaa chini. Usije ukaanguka na hapa, nikakosa pa kwenda."

Nikakaa. Yeye akabaki amesimama, ameshika ukuta.

Mimi sasa nimepata nafuu. Nasimama dakika ishirini siku njema, nanyoa ndevu mpaka mwisho, sauti imerudi na kazi sijapoteza hata moja. Nyumba ya Katana nimeiezeka upya, makuti bora kabisa, mkono wangu na wa Charo. Nikaingia ndani nikalala chali sakafuni nikalitazama paa lote. Hakuna nyota hata moja. Hakuna mtu humo pia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, nenda ukapimwe umesimama. Wakikataa, simama mlangoni mpaka wakubali, au mpaka uanguke. Na kama kuna jina liko mdomoni mwako, la mtu mwenye mvi unayemdhania, limeze kwanza, utafute ukuta. Mimi ningesimamishwa siku ya kwanza, leo Katana angekuwa kwake, ananigombeza kwamba sijamsalimu babu yangu.